Alichokifuta Mbele Yangu

Mama alikubali kuja kwa sharti moja: asikalishwe karibu na Kinasa.

"Naenda kuona makumbusho," alisema huku akifunga kamba za viatu vyake vyeupe, vilevile alivyokuwa akivivaa wodini kabla hajastaafu ukunga. "Siendi kuona mtu."

"Sawa, Mama."

"Usiniitikie sawa sawa hapo. Nakujua."

Alinijua kweli. Nilikuwa nimembembeleza wiki nzima, mara namkanda miguu, mara namfanyia chai asiyoiomba, mpaka akaona bora aje apumzike na kero zangu. Chama chetu cha mambo ya kale kilikuwa kimekodi basi kwa ziara ya siku moja, makumbusho mawili ya miji ya jirani, ya kwanza asubuhi na ya pili mchana. Hilo ndilo nililomwambia Mama. Nisilomwambia ni kwamba wakati wa chakula cha mchana, kwenye bustani ya makumbusho ya pili, Kinasa angesimama mbele yake na kuniposa. Pete ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Mfuko wenyewe niliushona mimi, nikaupiga mshono mara mbili ili isidondoke.

Mama hakuwa na sababu ya maana ya kumkataa. Kijana ni fundi redio, ana kibanda chake, hanywi, hapigi kelele, ana adabu hadi inachosha. Nilipombana aniambie kasoro yake, Mama alisema, "Anasikiliza mno."

"Hiyo nayo ni kasoro?"

"Baba yako alikuwa hasikilizi kabisa, na ndoa ilikwenda. Huyu ukisema anakutazama mdomo. Hayo anayoyasikiliza anayapeleka wapi?"

Anayapeleka kwenye rekoda, ndiyo maana chamani tukamwita Kinasa. Akishafunga kibanda anazunguka nyumba kwa nyumba na kale ka mashine kake ka kunasia sauti, anawakalia wazee na kuwaomba wasimulie. Mimi ni fundi wa nguo, na kazi yangu chamani ni kuziba matundu ya vitambaa vya zamani. Tulijuana hivyo hivyo, kwa kupitana mlangoni, yeye na waya zake, mimi na pini mdomoni. Akaanza kuniita Sindano. Nami, mtu mzima mwenye akili zake, nikaanza kujipaka mafuta mazuri siku za mkutano.

Lakini kumpenda hasa nilimpenda siku moja, na naweza kuonyesha na mahali nilipokuwa nimesimama.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa hai bado, kalala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu, na ni Mama aliyekuwa akimwogesha, akimlisha na kumgeuza ubavu. Kinasa alikuja kumrekodi wakati Mama ametoka. Nilipoingia na sinia la chai nikamkuta Bibi yuko katikati ya maneno, na maneno yenyewe yalimhusu Mama. Yalikuwa mabaya. Nitayasema mbele, maana hayakwepeki. Nilisimama pale na sinia mpaka Bibi akamaliza na kusinzia, kisha nikamvuta Kinasa barazani nikilia.

"Futa. Tafadhali. Futa yote ya leo. Mama yangu asije akayasikia maisha yake yote."

Alinitazama, nikaona jinsi inavyomuuma. Yule mtu hatupi hata mkanda uliokatika. Akainua rekoda kati yetu ili nione kioo chake, akabonyeza kitufe, na maandishi madogo yakatokea: IMEFUTWA. Kisha akatoa leso akanipa, na hakuniuliza kitu.

Nikasema moyoni, basi, huyu ndiye. Mtu anayetunza kila kitu amekubali kupoteza kitu kwa ajili yangu. Bibi alifariki majira yaliyofuata, na Kinasa akawa ndiye bega langu.

*

Basini Mama alichagua kiti cha nyuma kabisa. Kinasa alikaa mbele, nyuma ya dereva, na hapo ndipo nilipogundua uzuri wa kile kioo ambacho madereva hutazamia abiria. Kila nilipoinua macho, macho yake yalikuwa humo, yananisubiri. Nikatabasamu nikajifanya natazama nje. Nikitazama tena, yamo.

"Shingo yako itakatika," Mama alisema bila kugeuka.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu ambaye hajui kwamba kengele ya mwisho imeshalia, alisimama kutukumbusha sheria ya chama: kila tukifika mahali tunatazama pamoja, tunasikiliza pamoja, kisha tunajadili. Hakuna kutangulia wala kubaki nyuma. Fundi Saa, mzee anayetengeneza saa za mji mzima na yake mwenyewe haijapata kusema kweli, aliuliza kwa sauti ya juu kama tunakula saa ngapi. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo anaongea na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara.

"Sindano!" akaniita. "Tuigizie Bibi yako, safari iwe fupi!"

Hicho ni kipaji changu kidogo. Bibi alikuwa na sauti ya kukwaruza, na kabla ya neno lolote zito alikuwa akikohoa mara moja, kikohozi kikavu cha kuwanyamazisha watu. Mezani nyumbani nilikuwa nikimwigiza na Mama anacheka mpaka anashika ubavu, hata baada ya mazishi. Nikakohoa kile kikohozi. Basi zima likacheka kabla sijasema neno.

"Nani kakaa kwenye kiti changu?" nikasema kwa sauti ya Bibi. "Na nani kampa huyu mwalimu ruhusa ya kusema?"

Mama naye akacheka, akanipiga kofi dogo la paja. "Acha, utamwamsha."

Makumbusho ya kwanza yalikuwa nyumba ndogo yenye pasi za makaa, taa za mafuta, na kabati la kioo ambamo walikuwa wamefungia cherehani. Ilikuwa kama yangu kabisa, hata rangi ilivyochubuka. Kibao kikasema ni chombo cha enzi zilizopita.

"Nenda ukaingie humo," Mama aliniambia, "ukae kando yake. Watu walipe waje wakuone."

Nilicheka hadi machozi. Kinasa alikuwa upande wa pili wa kabati na kupitia kile kioo nikaona na yeye anacheka, na mkono wake ukazunguka nyuma ya kabati ukagusa vidole vyangu. Ilikuwa kugusa tu, lakini joto likanipanda hadi masikioni.

"Leo nina zawadi yako kule kwa pili," alininong'oneza.

"Najua iko mfuko gani."

"Hiyo ni nyingine. Nina zaidi ya hiyo."

"Niambie."

"Hapana. Nataka nikutazame ukiipokea."

Mama akakohoa nyuma yangu. Vidole vikaachana.

*

Makumbusho ya pili yalikuwa jengo kubwa lenye rangi mpya, na msimamizi wake, mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alitupokea mlangoni na kwenda moja kwa moja kumshika Kinasa mkono kwa mikono yake miwili.

"Huyu ndiye," akatuambia. "Chumba chetu kipya kisingekuwepo bila yeye. Leo mnakuwa wageni wa kwanza."

Chumba kiliitwa Mama na Mtoto. Katikati kulikuwa na kitanda cha kubembea, ukutani picha za wanawake wenye matumbo, na juu ya meza mizani ya kupimia vichanga, ile ya bakuli. Mama alipoiona tu akasahau umri. Akavuka kamba ambayo watu hawaruhusiwi kuvuka, akalishika lile bakuli.

"Hii ilikuwa inadanganya!" akamwambia msimamizi. "Lazima kwanza uiwekee nguo ya mtoto, uirudishe pale pa mwanzo, ndipo umweke. Wengine walikuwa wanapima mtoto na blanketi, wanaandika jitu."

Wote wakamzunguka. Alieleza jinsi wanavyomkata mtoto kitovu taa ikiwa imezimika, jinsi ya kumgutusha asiyelia. Mwenyekiti mwenyewe alinyamaza, jambo ambalo si la kawaida. Na Mama, akiwa bado anang'aa, aligeuka akamtazama Kinasa uso kwa uso kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hiki chumba umekifikiria wewe?"

"Nimetoa sauti tu, Mama. Wao wamefanya mengine."

"Umefanya vizuri," Mama alisema. Kisha akaniinamia sikioni. "Kijana ana akili. Sijasema kingine. Nimesema ana akili."

Moyo wangu ulitaka kutoka nje ukacheze bustanini. Nilimtazama Kinasa, naye akanitazama, na nikaona mkono wake unapapasa koti mahali penye mfuko.

Ukutani kulikuwa na viti vimepangwa, na juu ya kila kiti hedifoni. Msimamizi alisema sauti ni moja kwa wote, si ndefu. Mwenyekiti akatukumbusha sheria. Tukakaa. Mama kushoto kwangu, Fundi Saa kulia kwangu. Kinasa hakukaa. Alisimama mbele yetu, mikono nyuma, ananitazama kama mtu aliyempa mwenzake kifurushi na anangoja akifungue.

Kikohozi kikaja kwanza. Kikavu, mara moja.

Nilidhani nimeota. Kisha sauti ikaanza, ile ya kukwaruza.

"Wa kwanza wangu wa kiume nilimzika akiwa anajifunza kutembea. Huyu wa kike akaja nyuma yake. Watu wakaniambia, haya, umefutwa machozi. Sikufutwa kitu. Nilikuwa namwona pale kitandani analia, nami nasema moyoni, mbona umekuja wewe? Nilimnyonyesha uso nimeugeuzia ukutani. Nilimlea, nikamvisha, nikamsomesha. Kumpenda, sikumpenda. Na ndiye huyu anayenigeuza kitandani sasa. Ananiita mama, naitika."

Hapo ikakatika. Nikangoja. Mwili wangu wote ulingoja, maana mimi nilikuwepo mlangoni na sinia, na nilijua hapo Bibi hakuwa amemaliza. Yalibaki maneno mengine. Hedifoni zikatoa ukimya, kisha mlio mdogo wa kuonyesha mwisho.

"Ah!" Fundi Saa akasema, na kwa kuwa alikuwa na hedifoni masikioni, alisema kwa sauti ya kupasua dari. "Huyu si Bibi wa kwenu? Si yule aliyekuwa kwenye chumba cha nyuma? Sasa anayemsema ni nani, ni mama yako?"

Watu walivua hedifoni mmoja mmoja. Hakuna aliyemtazama Mama, na kule kutomtazama kulikuwa kubaya kuliko kumkodolea macho. Mama alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Alinyoosha kidole akabonyeza kitufe cha kurudia. Akasikiliza tena yote, peke yake, sisi tukiwa tumekaa hapo. Halafu akavua, akazungusha waya vizuri, akaiweka hedifoni juu ya kiti.

"Choo kiko wapi?" akamwuliza msimamizi.

Nilisimama nimfuate. Akanionyesha kiganja kimoja tu, kama alivyokuwa akiwazuia ndugu wa mgonjwa kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia. Nikabaki.

*

Kinasa nilimpeleka nje, kwenye bomba la maji nyuma ya jengo. Sikumshika mkono. Nilitembea tu, naye akanifuata.

"Sindano..."

"Usiniite hivyo."

"Mpenzi, hakuna jina. Nilihakikisha. Kibao kimeandikwa tu 'Sauti ya mama mmoja.' Hakuna anayeweza kujua."

"Fundi Saa ni kiziwi na amejua! Mtu ambaye hasikii honi ya lori amejua!"

Akashusha macho. Nilimpenda yule mtu, na hata pale nilikuwa nampenda bado, hilo ndilo lilinitia hasira zaidi. Kola yake ilikuwa imejikunja na mkono wangu ulitaka kuinyoosha.

"Hiyo ndiyo zawadi?" nikauliza.

"Nilidhani utasikia sauti yake tu. Umemlilia sana. Nikaona maneno yale umeshayasahau, sauti ndiyo unayoitamani."

"Na Mama?"

"Mama ni mkunga. Amewaona wengi wa namna hiyo. Nilidhani ataelewa."

"Aelewe nini? Kwamba hakupendwa?"

"Nimerekodi wazee tangu sina ndevu," akasema, na sauti yake ikapata nguvu, ile nguvu niliyokuwa nikiipenda akizungumzia kazi yake. "Wote wanasema yaleyale. Zamani kulikuwa kuzuri, watoto walikuwa na adabu. Bibi yako alisema kweli. Sijawahi kupata kitu kama kile. Msimamizi aliposikiliza alilia. Kitu kama kile hakifutwi."

"Lakini ulifuta. Niliona. Uliinua rekoda usoni pangu, ukabonyeza, ikaandika imefutwa. Nilisoma mwenyewe."

Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo, na nilisikia kila tone.

"Niliona," nikarudia. "Au niliota?"

"Hukuota. Nilifuta kitu."

"Kitu gani?"

"Bibi alipokohoa katikati, unakumbuka? Alikohoa muda mrefu. Nilizima mashine ili kikohozi kisiingie. Alipoanza tena nikawasha. Ukizima na kuwasha hivyo, mashine inatunza sauti mbili tofauti. Ndefu na fupi. Ulikuwa unalia, unatazama kioo. Ilibidi kitu kifutike. Nikafuta ile fupi."

Nilimwelewa, lakini nilitaka aseme yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Ile fupi ilikuwa na nini?"

"Unajua."

"Sema."

"Yale ya mwisho."

Yale ya mwisho. Nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu, na sijayapoteza hata neno. Bibi alipopata pumzi alisema: "Halafu nikaugua. Asubuhi moja akaingia na beseni, anaimba ule wimbo wake wa wodini. Hajui kuimba, maskini. Moyo wangu ukashtuka. Nikasema, kumbe ni huyu. Nimechelewa kumpenda, lakini nampenda huyu mtoto kuliko nilivyompenda yeyote. Yabaki humuhumu, msimwambie, maana atauliza zamani ilikuwaje."

Ndiyo maana niliomba yafutwe yote. Huwezi kumpa mtu la pili bila kumpa la kwanza. Na Kinasa, kati ya mawili, alikuwa amechagua lipi aliue na lipi alitunze.

"Ukafuta lile alilosema anampenda," nikasema.

"Lilikuwa la kawaida, mpenzi. Wazee wote humalizia hivyo. Lile la kwanza ndilo..."

"Ndilo lililomliza msimamizi."

"Nilikosea. Nakubali nilikosea." Akanishika mikono. "Nakupenda. Hilo sijalidanganya. Nitamwambia msimamizi sasa hivi aitoe. Na ile iliyo kwangu pia, twende, nitaifuta mbele yako."

Nikacheka. Sikukusudia, kilitoka chenyewe, kicheko kibaya ambacho hata mimi sikukijua.

"Mbele yangu tena?"

Aliniachia mikono taratibu. Nikawa nakumbuka ile baraza, ile leso, lile neno dogo kwenye kioo, na jinsi nilivyokwenda kulala usiku ule nikimshukuru Mungu kwa kuniletea mtu. Nyumba yote niliyokuwa nimeijenga moyoni niliijengea pale. Sasa naambiwa pale hapakuwa na kitu, palikuwa na mtu anayetafuta cha kunionyesha ili ninyamaze.

Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa koti.

"Iache humo," nikamwambia. "Nilishona vizuri. Haitadondoka."

"Usiseme hivyo. Tulikuwa tumwombe Mama leo."

"Mama yangu alisema unasikiliza mno, nikamcheka. Nikamwambia mwanaume gani siku hizi anasikiliza. Siku ile barazani ulinisikia. Ulisikia kila neno. Ndilo ninaloshindwa kulimeza."

Nikamwacha pale na ndoo.

*

Hakuna aliyekula bustanini kwa raha. Mwenyekiti alisahau majadiliano, na Fundi Saa, ambaye mtu alikuwa ameshamweleza, alimletea Mama yai la kuchemsha na mkate, akaviweka magotini pake bila kusema neno. Mama akamshukuru, akalimenya lile yai lote kwa uangalifu, na hakulila.

Wakati wa kurudi tulikaa kiti kilekile cha nyuma. Kinasa alikuwa mbele, nyuma ya dereva. Macho yake yakaja kwenye kioo. Nikahamia upande wa dirisha, mahali ambapo kioo hakinifikii.

Tulikwenda mwendo mrefu. Kisha Mama akasema, akitazama kiti cha mbele yake:

"Nilijua."

"Mama..."

"Mtoto anajua. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kuwaweka watoto vifuani mwa mama zao, halafu namtazama mama usoni. Wenzangu wanatazama mtoto, mimi natazama uso wa mama. Nilijua ninachokitafuta." Akafuta makombo ya yai kwenye sketi. "Ila nilikuwa najua peke yangu. Nilikuwa nimelikunja, nimeliweka mahali. Leo mpaka Fundi Saa anajua."

Nikamshika mkono, hakuutoa, ila hakuukaza.

"Na wewe ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ukimwigiza pale mezani, mimi nacheka, wewe unajua."

"Nilidhani ameyafuta. Nilimwomba afute, nikaona kwa macho yangu."

"Sikuulizi habari za yule. Nakuuliza wewe."

"Nilijua, Mama. Lakini si hayo tu aliyosema. Kuna mengine, yamekatwa." Nikamweleza yote, mbiombio kama mtoto anayejitetea: kikohozi, beseni, wimbo, moyo uliomshtuka Bibi, neno lile la kuchelewa.

Mama alinisikiliza. Halafu akatikisa kichwa polepole.

"Unanishonea kiraka, mwanangu."

"Wallahi alisema!"

"Basi nisikie. Iko wapi?"

"Imefutwa."

"Bahati mbaya," alisema, kwa ile sauti tamu ya wodini aliyokuwa akiwapa watu wasiotaka kuambiwa ukweli. Sijawahi kuisikia akiitumia kwangu.

Nilipaswa kumlilia Kinasa, na nililia, lakini si kwa pete wala harusi. Nilililia lile neno dogo. Mtu mmoja tu duniani alikuwa nalo kwenye mashine, akaliona la kawaida. Sasa limebaki kichwani mwangu, na mimi ndiye shahidi asiyeaminika kuliko wote, maana mtoto gani asingemwambia mama yake hivyo?

Jua lilikuwa limeingia upande wa Mama na hakulivuta pazia. Watu wengi walikuwa wamelala. Nilidhani naye amelala, mpaka aliposema:

"Alisema naimba vibaya?"

"Alisema hujui kuimba, maskini."

Akafikiri. "Nilikuwa naimba nikiwa naye peke yetu. Wewe ulikuwa kwenye cherehani yako, inalia."

"Ndiyo."

"Huwezi kuwa ulinisikia."

"Sikukusikia, Mama. Alisema yeye."

Vidole vyake vikakaza kwenye mkono wangu, kidogo tu. Akaangalia mbele, akaangalia nje, akarudi kunitazama, na nikaona uso wa mtu anayetaka kitu na anaona haya kukiomba.

"Sema kama alivyosema," akanong'ona. "Kwa sauti yake."

Nikakaa vizuri. Nikasafisha koo. Sauti ile nimeitoa mara nyingi kuliko sala, ilikuwa kiganjani mwangu asubuhi ileile na basi zima likacheka. Nikakohoa, kikavu, mara moja. Kikohozi kilitoka sawasawa na Mama akafumba macho. Kisha nikafungua kinywa nikasema, "Nimechelewa kumpenda," na ikatoka sauti yangu mwenyewe, nyembamba, imejaa machozi. Nikajaribu tena. Ikatoka ileile. Nikaendelea nayo hivyo hivyo mpaka neno la mwisho.

Mama hakufumbua macho.

"Siyo yeye," akasema.

Basi likapita kwenye daraja, likaingia barabara ya kwetu. Mbele kule mtu aliyevaa koti lenye mfuko nilioushona alikuwa amegeuza kichwa, anatutafuta.

"Rudia," Mama akasema.